Kijerumani cha Hewani na Mwanafunzi wa Kajiado: Uhakiki wa Kozi Mbili za Deutsche Welle

Mashirika ya utangazaji ya nchi za nje yamesema na watu wa Afrika ya Mashariki kwa Kiswahili kwa muda mrefu. BBC ilianza tarehe 27 Juni 1957, Radio Peking ikafuata mwaka 1961, na Deutsche Welle, shirika la Ujerumani lililoasisiwa mwaka 1953, likafungua idhaa yake ya Kiswahili mwaka 1963. Katika kazi ya namna hiyo shirika ndilo linalosafiri. Hutafuta watangazaji wanaoimudu lugha ya msikilizaji, hujifunza adabu zake, kisha humpelekea habari barazani kwake. Kufundisha lugha ni safari ya upande wa pili. Hapo msikilizaji ndiye anayeambiwa afunge virago aje. BBC ilikwisha kuanza kufundisha Kiingereza hewani mwaka 1943, na stesheni ya Wachina iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2006, katika masafa ya FM 91.9, ilitangaza kwa Kichina, Kiingereza na Kiswahili huku masomo ya Kichina yakiwa sehemu ya kazi ya idhaa yao ya Kiswahili. Deutsche Welle limekwenda mbali zaidi ya hapo, kwa kuwa masomo yake ya lugha yamekuwa tawi kamili la kazi zake, na yana hadithi, wahusika, mazoezi na ngazi za mitihani.

Makala haya yanazihakiki kozi zake mbili, moja ya redio na moja ya filamu, kwa kuzitazama kutoka Kitengela na Kajiado nchini Kenya. Kwa kawaida kozi za lugha huachiwa walimu wazipime kwa idadi ya waliofaulu. Lakini kozi inayosimulia hadithi ni kazi ya sanaa pia, na yafaa iulizwe yale ambayo hadithi yoyote huulizwa: mhusika mkuu ni nani, anasema na nani, na msikilizaji amewekewa kiti gani.

Mahali penyewe hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kitengela ni mji uliokua upesi mno kando ya barabara ya Namanga, jirani na viwanda vya Athi River, katika ardhi ambayo kwa vizazi vingi ilikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai na mapito ya wanyama watokao mbuga ya Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu zaidi ya 154,000, katika Kaunti ya Kajiado yenye watu 1,117,840. Sokoni husikika Kimaa, Kikamba, Kikikuyu na lugha nyingine za waliohamia, na kinachowaunganisha wote ni Kiswahili. Kiingereza hutawala darasani na ofisini. Kwa mtoto wa mfugaji aliyekulia upande wa bara ya kaunti, hata Kiswahili ni lugha aliyojifunza, na Kiingereza ni ya tatu. Kijerumani kikija, kinakuja cha nne.

Nacho kimekuja kwa kishindo. Sheria ya Ujerumani iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2020 iliwafungulia mlango zaidi wafanyakazi wenye ujuzi kutoka nje ya Ulaya, na tarehe 13 Septemba 2024 serikali za Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi. Kabla ya hapo Kijerumani kilikuwa somo la wachache katika shule za sekondari, karibu na Kifaransa na Kiarabu, na Goethe-Institut ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1963, ilikuwa nyumba ya wapenzi wa vitabu, muziki na filamu. Leo vyuo vidogo vya Kijerumani vimeenea Nairobi na miji ya kandokando, Kitengela ikiwamo, na wengi wa wanaojiandikisha ni vijana waliohitimu uuguzi au wanaotaka kuusomea. Wao hawajifunzi ili wamsome Goethe. Karo ya chuo na ada ya mtihani hutoka mfukoni mwa jamaa nzima, na katika kaunti ya wafugaji mfuko huo mara nyingi una mkia na pembe. Anayefeli harudi nyumbani na alama mbaya tu. Kwa sababu hiyo kozi ya bure kutoka hewani ni neema kwa vijana hao, na kwa sababu hiyo hiyo inastahili kupimwa bila upole wa bandia.

Kozi ya kwanza ni ile iitwayo Deutsch – warum nicht?, jina linaloweza kufasiriwa kuwa "Kijerumani – kwa nini isiwe?". Deutsche Welle liliitengeneza pamoja na Goethe-Institut, na mwandishi wake ni Herrad Meese. Ni kozi ya redio yenye mafungu manne, kila moja masomo 26, na ilienezwa kwa lugha nyingi za maelezo: sauti ya mtangazaji ilimwongoza msikilizaji kwa lugha anayoijua, na mazungumzo ya Kijerumani yakapachikwa ndani yake. Mhusika mkuu ni Andreas, mwanafunzi wa uandishi wa habari anayejipatia riziki kwa kufanya kazi ya bawabu katika Hotel Europa mjini Aachen. Wako bosi wake, Bibi Berger, mtumishi wa vyumba aitwaye Hanna, na mgeni mwenye mambo ya siri, Dr. Thürmann. Tena yuko Ex.

Ex ndiye ubunifu mkubwa wa kozi hii. Ni kiumbe mdogo wa kike asiyeonekana, mwenye asili ya hekaya za Kijerumani za vijitu vinavyofanya kazi usiku watu wakilala. Husema ovyo mbele ya wageni, hudakia maneno, huuliza lisiloulizwa, naye Andreas hulazimika kuficha sauti ambayo watu wameisikia lakini mwenyewe hawamwoni. Katika chombo kingine chochote hili lingekuwa jambo la mchezo tu. Redioni ni jambo la akili sana, kwa kuwa redioni hakuna anayeonekana. Bibi Berger haonekani, Andreas haonekani, hata hoteli yenyewe haionekani. Kutoonekana kwa Ex kunamfanya awe mwenzake msikilizaji, ambaye naye yumo chumbani na hakuna anayemwona. Makosa na udadisi wa mwanafunzi vimepewa mwili usio na mwili. Msikilizaji aliyelelewa na visa vya Abunuwasi au vya Sungura hatahitaji kuelezwa kazi ya mtundu wa namna hii, maana anajua kwamba anayevunja adabu ndiye anayeifanya adabu ionekane.

Na adabu ni sehemu nzito ya Kijerumani. Lugha hii huweka heshima ndani ya kiwakilishi chenyewe: mtu wa karibu huitwa du, na mtu wa mbali au wa kuheshimiwa huitwa Sie. Kiswahili huweka heshima nje ya kiwakilishi, katika salamu na katika jina la kuitia, kama vile mzee, mama au bwana, na baada ya hapo "wewe" au kiambishi chake hutosha. Wamaasai huiweka hata mwilini: mtoto humwinamishia mkubwa kichwa aguswe, na mwanamume husalimiwa kwa neno jingine na mwanamke kwa jingine. Basi mwanafunzi wa Kajiado hahitaji kufundishwa kwamba watu hawasemeshwi namna moja. Anachohitaji ni kuonyeshwa mahali ambapo Wajerumani wameificha heshima yao. Hoteli ya Andreas inafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu kaunta ya hoteli ni mahali pa Sie. Mgeni anaomba, analalamika, anauliza bei, anaaga, na bawabu lazima ajibu kwa unyenyekevu usio wa kitumwa. Wodi ya hospitali ina lugha ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kozi hii kongwe, isiyo na picha hata moja, na ambayo haikuandikwa kwa ajili ya wauguzi, imekaribia mahitaji yao kuliko wengi wanavyodhani.

Kasoro yake iko wazi pia. Mwendo wake ni wa kobe. Msikilizaji hutumia dakika nyingi akisikiliza maelezo na dakika chache akisikia Kijerumani, na vitu vingi vya dunia yake vimekwisha kupitwa na wakati. Anayehitaji cheti mwakani hawezi kungoja masomo 104.

Kozi ya pili ni Nicos Weg, yaani "Njia ya Nico", iliyotokea katika nusu ya pili ya miaka ya 2010. Hii ni filamu iliyokatwa vipande vifupi, na kila kipande kimefungwa pamoja na mazoezi. Ina ngazi tatu, A1, A2 na B1, kwa kufuata vipimo vya Baraza la Ulaya vya mwaka 2001. Nico ni kijana wa Kihispania anayewasili Ujerumani, akapoteza mfuko wake, akaokotwa na vijana wanaoishi pamoja katika nyumba moja. Anajifunza kununua, kupika, kuuliza njia, kutafuta kazi, kupenda. Yuko pia Selma, msichana aliyekimbia Syria pamoja na wazazi wake. Kila kitu husemwa kwa Kijerumani, na picha hubeba maana pale maneno yanapomshinda mtazamaji.

Kwa usanii, kazi hii ni nzuri. Waigizaji husema kama watu, si kama vitabu vya sarufi, na hadithi ina mvuto wa kutosha kumfanya mtazamaji afungue kipande kingine hata kama hakuagizwa na mwalimu. Katika simu ya mkononi, ndani ya matatu iliyokwama kwenye msongamano wa Athi River, masomo haya hutazamika bila shida. Ni jambo ambalo redio ya Andreas, iliyomtaka msikilizaji awe nyumbani saa fulani, isingeweza. Jambo hili lisipuuzwe na wahakiki wanaopenda vya kale.

Lakini atazamwe Nico mwenyewe. Yeye ni Mhispania. Maana yake ni kwamba ana haki ya kuingia Ujerumani na kufanya kazi humo bila kuomba viza wala kuonyesha cheti cha lugha. Amepoteza mfuko, hakupoteza ruhusa. Ndiyo sababu hadithi inaweza kuanzia uwanja wa ndege na mtu asiyejua karibu neno lolote, na kutojua kwake kukawa chanzo cha kicheko. Mwanafunzi wa Kitengela hawezi kuanzia hapo. Kwake uwanja wa ndege ni mwisho wa hadithi. Kabla ya kuufikia lazima awe amekwisha kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza Kijerumani mbele ya watahini, na kwa muuguzi anayetaka kutambuliwa rasmi kiwango kinachodaiwa kwa kawaida ni B2. Njia ya Nico inaishia B1. Shirika lina masomo mengine yanayogusa kazi, lakini masimulizi yenyewe, yaliyomshika mkono mwanafunzi tangu salamu ya kwanza, yanamwacha ngazi moja kabla ya ile anayoihitaji.

Hata Selma, ambaye kwa hali yake yuko karibu zaidi na mtu atokaye nje ya Ulaya, tayari yuko ndani ya Ujerumani hadithi inapomkuta. Hakuna katika filamu hii mtu ajifunzaye Kijerumani akiwa mbali, kwa kitabu na simu, akizungukwa na watu wasiosema hata neno moja la lugha hiyo. Nyumba ya vijana ina lugha yake pia. Humo husemwa du asubuhi mpaka jioni. Mtazamaji aliyejifunza kwa Nico atajua kumtania mwenzake jikoni kabla ya kujua kumwambia mgonjwa wa miaka 80 kwamba ni wakati wa kuoga.

Hadi hapa lawama ni za kawaida, kwani hakuna hadithi inayomtosha kila mtu. Jambo zito zaidi ni sarufi, na hasa lugha inayotumiwa kuieleza. Filamu iliyotengenezwa yote kwa Kijerumani humwachia mwalimu wa mahali kazi ya kueleza, na katika vyuo vya Kenya mwalimu huyo hueleza kwa Kiingereza, ambayo ndiyo lugha ya darasani. Jambo hili huonekana la kawaida kiasi kwamba halijadiliwi. Ni vyema lijadiliwe.

Kichukuliwe kijiko, uma na kisu. Kijerumani huviita der Löffel, die Gabel na das Messer. Kijiko ni cha jinsia ya kiume, uma ni wa kike, kisu si cha kiume wala cha kike. Kila mwalimu wa Kijerumani anajua kicheko kinachozuka darasani siku hiyo. Akieleza kwa Kiingereza, anaeleza kwa lugha yenye neno moja tu la kutangulia nomino zote, lugha isiyojua jinsia ya kisarufi nje ya viwakilishi. Ndani ya lugha hiyo jambo zima huonekana kama adhabu isiyo na sababu, na mwanafunzi huambiwa akariri.

Mwanafunzi huyo huyo, akitoka nje ya darasa, anasema "kisu kizuri kimepotea" na "uma mzuri umepotea", wala hajiulizi hata mara moja kwa nini uma haukai ngeli moja na kisu ilhali vyote viko mezani. Anajua, kwa ulimi ingawa si kwa maelezo, kwamba nomino ndiyo inayotawala. Kwamba kivumishi huinama mbele yake. Kwamba utawala huo hauna uhusiano wa lazima na umbo wala kazi ya kitu. Hii ndiyo habari yote ya ein guter Löffel, eine gute Gabel, ein gutes Messer. Tofauti zipo, nazo ni za kufundishwa: Kiswahili huonyesha upatanisho mwanzoni mwa neno, Kijerumani mwishoni, Kiswahili huupeleka mpaka kwenye kitenzi, Kijerumani huuishiza kwenye kivumishi na kibainishi, Kiswahili huionyesha ngeli katika nomino yenyewe mara nyingi, Kijerumani huificha. Lakini mwalimu anayeanzia kwenye ngeli anaanzia juu ya kitu kilichopo. Anayeanzia kwenye Kiingereza anabomoa nyumba ili apate mahali pa kujenga.

Kwa msemaji wa Kimaa jambo linashangaza zaidi. Sarufi ya Tucker na Mpaayei, iliyotoka mwaka 1955, ilikwisha kuonyesha kwamba Kimaa kina jinsia ya kisarufi inayobebwa na viambishi awali vya nomino, ol- kwa kiume na en- kwa kike, na kwamba jinsia hiyo huhusiana pia na ukubwa na udogo. Olalem ni sime au upanga, enkalem ni kisu. Kwa hiyo mtoto wa Kajiado amekua akijua kwamba chuma cha kukatia kinaweza kuwa cha kiume au cha kike, na kwamba neno haliendi sokoni bila kitu kinachoitangaza jinsia yake mbele yake. Ni jambo lililo karibu sana na der na die kuliko chochote kinachopatikana katika Kiingereza.

Na bado kuna uhusika. Kijerumani hubadili kibainishi ili kuonyesha nani ametenda na nani ametendwa: mbwa anayeng'ata ni der Hund, anayeng'atwa ni den Hund, na kwa sababu hiyo maneno yanaweza kupangwa upya bila mtu na mbwa kubadilishana msiba. Sura hii huogopwa na wanafunzi kuliko zote. Kiingereza kimekwisha kuupoteza uhusika wa nomino karibu wote, na Kiswahili nacho hutegemea mpangilio wa maneno pamoja na viambishi vya kitenzi. Kimaa hakikuupoteza. Katika Kimaa kitenzi hutangulia, na nomino ikiwa kiima hutamkwa kwa toni moja, ikiwa yambwa kwa toni nyingine. Sikio la msemaji hutenganisha mtenda na mtendwa kwa namna ile ile ya Kijerumani, ila chombo ni toni badala ya kibainishi. Kwa kuwa maandishi ya kawaida ya Kimaa hayaonyeshi toni, kijana anaweza kumaliza shule bila kuona popote kwamba lugha ya mama yake ina uhusika. Kisha anaambiwa chuoni kwamba uhusika ni jambo geni la Wazungu ambalo "sisi hatuna".

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba darasa la Kitengela ni la watu mchanganyiko, na si wote wanaojua Kimaa. Mwalimu mwenyewe huenda hakijui. Ni kweli, na hakuna anayependekeza darasa la Kijerumani liendeshwe kwa Kimaa. Mwalimu anaweza hata hivyo kumwuliza msemaji mmoja wa Kimaa ayaseme maneno mawili mbele ya wenzake, na dakika tano hizo zikatosha. Kiswahili lakini wanakijua wote, na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi; ni vigumu kuona kwa nini kisifae kuelezea upatanisho wakati upatanisho ndio uti wa mgongo wake. Pingamizi ya pili hutoka kwa walimu wa mbinu ya moja kwa moja, wanaosema kwamba lugha hufunzwa kwa lugha yenyewe bila daraja. Hao wangepata nguvu lau darasa lisingekuwa tayari na daraja. Kiingereza kimo, tena kwa wingi; na wanaokikataa Kiswahili darasani hawajakikataa kwa sababu ya mbinu.

Istilahi nazo si kisingizio. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990, na maneno ngeli, upatanisho na uhusika yanajulikana na kila aliyesoma Kiswahili chuoni. Mwaka huo huo ilitoka Leipzig kamusi ya Kijerumani–Kiswahili ya Karsten Legère, baada ya ile ya Kiswahili–Kijerumani ya Höftmann na Herms ya mwaka 1979. Kamusi hizo zilitungwa na Wajerumani waliokuwa wakijifunza au wakifundisha Kiswahili kwao. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo wa uhusiano huu. Chuo cha Lugha za Mashariki kilipofunguliwa Berlin mwaka 1887, Wajerumani walifundishwa Kiswahili kwa maelezo ya Kijerumani, na karibu na mwalimu wao waliwekewa msemaji mwenyewe wa lugha: Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur, na kuanzia mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa mwaka 1903. Nia ya chuo hicho ilikuwa kutawala, na hakuna haja ya kuipamba. Hata hivyo mwanafunzi wake alipewa vitu viwili ambavyo mwanafunzi wa Kitengela hapewi na kozi ya hewani: maelezo kwa lugha aliyoizoea na mtu wa kumjibu.

Hilo la mtu wa kujibu ndilo udhaifu wa asili wa mtangazaji. Amezoea kusema. Kozi ya Nico husahihisha zoezi la kuchagua na kujaza nafasi, lakini haisikii mwanafunzi akitamka. Kenya ina kumbukumbu yake yenyewe ya namna redio inavyoweza kujaribu kuvuka kikwazo hicho. Kati ya mwaka 1980 na 1985 Taasisi ya Elimu ya Kenya, ikishirikiana na Wamarekani, iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Kila siku kipindi cha nusu saa kilikuwa na vituo vilivyopimwa. Sauti iliuliza, ikanyamaza, watoto wakajibu kwa pamoja, ndipo ikaendelea. Redio haikuwasikia, bila shaka, lakini mtunzi alikuwa amewawazia mpaka pumzi zao. Kimya kile kilikuwa sehemu ya mswada. Katika filamu ya Nico kimya hakipo, kwa kuwa filamu inaogopa kimya, na mtazamaji akitaka kujibu hana budi aisimamishe mwenyewe kwa kidole.

Pengo hilo halitazibwa Bonn wala Berlin. Shirika la utangazaji linatengeneza kozi moja kwa dunia nzima, na haliwezi kudaiwa lijue toni za Kimaa. Linaloweza kudaiwa ni idara za lugha zenyewe, zenye walimu wanaojua ngeli, wanaojua Kimaa au wana wanafunzi wanaokijua, na ambazo mpaka sasa zimekitazama Kijerumani kama shughuli ya idara nyingine au ya mabango ya barabarani. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle imekuwa hewani tangu mwaka 1963, nayo ina watangazaji ambao kila siku hutafsiri Kijerumani kwa Kiswahili. Ujuzi wao wa tofauti za lugha hizi mbili ni hazina ambayo kozi haijaigusa, kana kwamba idhaa na darasa ni nyumba mbili zisizosalimiana.

Kinachoweza kufanywa kinaonekana katika sentensi moja ambayo muuguzi ataisema kila siku ya kazi yake: Wo tut es weh? Maana yake ni "wapi panauma?". Kwa maelezo ya Kiingereza, mwanafunzi huambiwa kwamba es ni neno tupu lisilorejelea kitu, na kwamba tut na weh ni kitenzi kimoja kilichokatika vipande viwili, ayapokee hivyo. Kwa Kiswahili mwalimu ana la kusema. Katika "panauma" kiambishi pa- kinashika nafasi ya kiima bila kumtaja mtu wala kitu. Kinashika mahali tu, mahali ambapo mgonjwa bado hajapaonyesha. Es nayo imekaa mahali pa kiima ikingoja kidole cha mgonjwa. Kuhusu kitenzi kilichokatika, Kiswahili hakina mfano wa karibu, kwa kuwa kitenzi chake hukusanya jamaa yake yote chini ya paa moja, kama katika "panamuuma". Hapo mwalimu atasema wazi kwamba Kijerumani kimefanya kinyume, kimempeleka ndugu mmoja akakae mwisho wa sentensi, na darasa litajua nini cha kusubiri mgonjwa anapoanza kujibu.